Kadi Haisomi: Kutafuta Kosa la PCMCIA, CardBus na ExpressCard kwenye Linux

Laptopu zenye sloti ya kadi ubavuni, iwe ya PCMCIA, CardBus au ExpressCard, bado zina kazi huku Nyanda za Juu Kusini. Mwenye ghala la kahawa Mbozi anataka poti ya RS-232 (poti ya serial ya zamani) ya kusomea mzani. Laptopu yake haina poti hiyo, kadi ya ExpressCard inayo. Mwalimu wa sekondari Tukuyu ana mashine za msaada ambazo waifai ya ndani imekufa, na kabatini kwake kuna kadi za CardBus ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu. Mwenye karakana ya mbao Mafinga ana programu ya zamani inayokubali laptopu moja tu, na laptopu hiyo ndiyo hiyo yenye sloti. Kumwambia mtu wa namna hii anunue mpya, wakati anasubiri mavuno ndipo ashike hela, si msaada.

Kinachonisumbua ni jinsi tunavyozitengeneza. Kadi ikigoma, fundi anakimbilia kupiga mfumo upya. Ikigoma tena, anashusha kerneli (kiini cha Linux) mpya na kumaliza bando la mteja. Ikigoma mara ya tatu, mteja anaambiwa kadi imekufa, kumbe ni nzima. Kati ya kadi na programu unayotaka kuitumia kuna hatua kadhaa: pini, daraja lililo ndani ya laptopu (chipu inayounganisha sloti na kompyuta), utambulisho wa kadi, draiva (programu inayoendesha kadi), fimwea (programu ya chipu ya kadi yenyewe), na mgao wa kumbukumbu na IRQ (laini ambayo kifaa kinaitia prosesa). Hatua moja ikikatika, zote zinazofuata hunyamaza, na mtumiaji anaona kitu kimoja tu: haisomi. Kwa hiyo usiguse mpangilio wa kerneli (vipengele vinavyochaguliwa wakati wa kuijenga) kabla hujajua ukimya umeanzia hatua ipi. Kerneli yenyewe inasema, ukijua pa kuisikiliza.

Mifano yote hapa ni ya Linux, hasa Debian na jamaa zake, kwa kuwa ndiyo inayokaa vizuri kwenye mashine zenye RAM ya giga moja au mbili.

Ijue kwanza kadi uliyoshika

Kadi ya PCMCIA ya biti 16 na kadi ya CardBus zina umbo moja: upana milimita 54, urefu milimita 85.6, na matundu 68 ya pini katika safu mbili kwenye ncha inayoingia. Tofauti iko juu ya ncha hiyo. CardBus ina ukanda wa rangi ya shaba wenye vijipele vidogo, umevuka upana wa kadi. Ile ya biti 16 haina. Igeuze kwenye mwanga utauona hata kama lebo imefutika.

ExpressCard ni ukoo mwingine. Haina matundu, ina migusano bapa 26, na huja kwa upana wa milimita 34 au 54, ile pana ikiwa na umbo la herufi L. Ya 34 inafanya kazi kwenye sloti ya 54. Kadi ya CardBus haifanyi kazi kwenye sloti ya ExpressCard, na anayeilazimisha anaharibu sloti.

Nasisitiza hili kwa sababu kerneli inazishughulikia kwa njia tatu tofauti. CardBus ni PCI (njia ya kompyuta ya kuunganishia vifaa vya ndani) ya biti 32 iliyovaa ganda la kadi: daraja likishaifungulia mlango, inaonekana kwenye lspci, amri inayoorodhesha vifaa vya PCI, sawasawa na kadi ya kompyuta ya mezani, na inatumia draiva ileile. Kadi ya biti 16 ina familia yake ya draiva, nyingi zikiishia na _cs. ExpressCard haipiti kwenye daraja la CardBus kabisa. Inabeba PCI Express ya njia moja pamoja na USB 2.0, na aliyeitengeneza kadi ndiye anayechagua itumie ipi. Ukikosea hapa utatumia siku nzima kuwasha vipengele vya PCMCIA kwa ajili ya kadi isiyovihitaji.

Unachomeka, na dmesg haiandiki hata mstari mmoja

Fungua terminali, andika hivi ili uone ujumbe wa kerneli ukitoka, uiache wazi:

sudo dmesg -w

Sasa chomeka kadi taratibu mpaka ikae. Kwa kadi ya CardBus unategemea mstari kama huu:

pcmcia_socket pcmcia_socket0: pccard: CardBus card inserted into slot 0

Ukitokea, nenda sehemu inayofuata. Usipotokea, anza na pini kabla ya programu yoyote. Zima mashine, toa betri, washa tochi ya simu na utazame ndani ya sloti ukiwa usawa nayo. Safu mbili za pini zinatakiwa kuonekana zimenyooka. Iliyopinda inajitokeza kama jino lililoota pembeni. Angalia kwa makini karibu na pembe zote mbili, kwa sababu pini namba 36 na 67, moja kila upande, ndizo zinazoliambia daraja kwamba kadi imefika. Zimefanywa fupi kuliko nyingine makusudi, ziguse mwisho. Kadi ikiishia milimita moja kabla ya kukaa, au kukiwa na uchafu uliogandamana kule ndani, pini nyingine zote zinagusa na hizi mbili hazigusi. Umeme wa kadi hauwashwi, na kerneli haina habari kwamba kuna kitu kimechomekwa.

Vumbi la kiangazi la Mwanjelwa linatoka kwa kupuliza hewa na kupitisha brashi laini. Rungwe na Kyela adui ni unyevu: unakuta kutu ya kijani kwenye pini, na hiyo inahitaji spiriti safi na subira, kisha kuacha ikauke kabisa. Laptopu iliyolala kwenye baridi ya Makete mwezi wa saba ikashushwa Kyela asubuhi hiyohiyo hutoa umande ndani. Iache ipate joto la chumba kwanza, hata kama mwenyewe ana haraka.

Pini zikiwa sawa, uliza kama daraja lipo:

lspci -nn | grep -i -e cardbus -e pcmcia

Utaona jina kama Texas Instruments, Ricoh, O2Micro au ENE, na neno CardBus bridge. Usipoona kitu kwenye laptopu unayojua ina sloti ya CardBus, ingia BIOS (mipangilio ya laptopu kabla Linux haijaanza). Laptopu nyingi zilizotumika maofisini ziliuzwa zikiwa zimefungiwa sloti kwa ajili ya usalama, na hakuna kerneli inayoweza kuliona daraja ambalo BIOS imelizima. Ni swichi moja tu kwenye menyu.

Daraja likionekana, tazama limeshikwa na nani. Chukua namba iliyo mwanzoni mwa mstari, tuseme 02:00.0:

lspci -k -s 02:00.0

Unatafuta maneno "Kernel driver in use: yenta_cardbus". Moduli yenyewe (kipande cha kerneli kinachopakiwa kikihitajika) inaitwa yenta_socket. Majina mawili, kitu kimoja, usihangaike. Kama mstari huo haupo, jaribu sudo modprobe yenta_socket. Likikubali na kadi ikasoma papo hapo, tatizo ni kwamba moduli haikupakiwa wakati wa kuwasha, basi. Likijibu kwamba moduli haipo, hapo ndipo mpangilio wa kerneli unapoingia kazini:

grep -E 'CONFIG_(PCCARD|PCMCIA|CARDBUS|YENTA)=' /boot/config-$(uname -r)

PCCARD ni mlango mkuu. Ukifungwa, vingine havionekani hata kwenye menyu. YENTA ni draiva ya daraja, na inahitajika kwa kadi za biti 16 na za CardBus pia, maana zote zinapita humo. CARDBUS inaruhusu kadi za biti 32. PCMCIA inaruhusu za biti 16 peke yake. Mtu mwenye kadi ya CardBus anaweza kuikosa PCMCIA asipungukiwe na kitu, lakini akiikosa YENTA hana lolote. Hili la YENTA ndilo ninalolikuta zaidi kwenye kerneli ambazo watu wamejijengea wenyewe: wamewasha PCMCIA na draiva ya kadi, wakasahau daraja, kwa sababu jina lake halifanani na kitu chochote kinachohusu kadi.

Kwa mashine za kale sana, ambazo daraja lake halipo kwenye PCI bali kwenye ISA, njia iliyotangulia PCI, draiva ni i82365. Ni nadra siku hizi.

Kadi imeonekana, kifaa hakuna

Mstari wa "inserted" umetoka, ila hakuna wlan0 (waifai), hakuna eth1 (mtandao wa waya), hakuna poti. Sasa fuata aina ya kadi.

Kwa CardBus, andika lspci -nnk na uitafute kadi mwishoni mwa orodha. Ikiwepo bila mstari wa draiva, chukua zile namba mbili zilizo kwenye mabano ya mraba, mfano [168c:0013], ndizo kitambulisho chake. Jina lililochapishwa juu ya ganda lisikutawale. Kampuni zilikuwa zinabadilisha chipu ndani ya kadi zenye jina lilelile na umbo lilelile. Kadi za waifai zenye chipu za Atheros za kizazi hicho hutumia ath5k, za Ralink hutumia rt2500pci au rt61pci, za Broadcom hutumia b43. Kadi za mtandao wa waya zenye Realtek 8139 hutumia 8139too, na za 3Com hutumia 3c59x.

Draiva ikiwepo na bado kimya, soma dmesg utafute neno "firmware". Ath5k haihitaji fimwea ya nje, na kwa mtu wa kijijini asiye na intaneti ya uhakika ningemtafutia kadi hiyo kabla ya nyingine zote. Rt61pci na b43 zinahitaji. Kwenye Debian 12 fimwea ya Ralink imo ndani ya firmware-misc-nonfree, na unaweza kuishusha mjini ukaipeleka kwa flashi. Ya b43 ina usumbufu zaidi, kwa sababu kifurushi chake cha kusakinisha kinataka kuingia mtandaoni kikiwa kwenye mashine husika, na mtandao wenyewe ndio unaoutafuta. Chomeka waya kwanza, au washa mtandao wa simu kwa kebo ya USB.

Kwa kadi za biti 16, weka kifurushi cha pcmciautils kisha:

sudo pccardctl ident

Inatakiwa ikupe jina la kadi, namba ya mtengenezaji na kazi yake. Ukikutana na maelekezo ya zamani yanayokutuma kuwasha cardmgr, yaache. Pcmciautils ilichukua nafasi yake tangu kerneli 2.6.13 ya mwaka 2005. Kadi ikijitambulisha vizuri, kinachokosekana ni draiva: serial_cs kwa modemu na poti za RS-232, pcnet_cs kwa kadi za mtandao za jamii ya NE2000, pata_pcmcia kwa adapta za CompactFlash.

Hapa kuna jambo linalowaumiza watu wenye nia njema. Wanaamini kerneli mpya ndiyo bora, na kwa mambo mengi ni kweli. Lakini kerneli zilizotoka kuanzia 2024 hazina tena draiva kadhaa za waifai za biti 16, zikiwemo orinoco na hostap. Zilifutwa kwa kukosa wa kuzitunza. Ukisasisha, kadi iliyokuwa inasoma jana inanyamaza leo, na hakuna mpangilio utakaoirudisha kwa kuwa msimbo wenyewe haumo. Debian 12 inakuja na kerneli 6.1, ambayo bado inazo, na ina kisakinishi cha biti 32. Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi hicho. Kama laptopu ni ya kazi moja, mfano kusoma mzani, ikalishe kwenye Debian 12 na usiiburute mbele.

Ident inatoka tupu, au dmesg inalalamika kumbukumbu

Ukiona "cs: unable to map card memory!", kadi ni nzima na draiva ipo. Kerneli imekosa kipande cha anwani cha kusomea maelezo yaliyomo ndani ya kadi. BIOS za zamani ziligawa anwani kwa kubahatisha, na ukiongeza RAM mgao unaweza kugongana na dirisha ambalo daraja lilikuwa linatumia. Ndiyo maana mteja anakuja na malalamiko ya ajabu: "Fundi, tangu waniongezee RAM kadi haisomi." Wengi wanamwona anachanganya mambo. Msikilize, anaweza kuwa amekupa jibu.

Fungua /etc/pcmcia/config.opts. Mistari inayoanza na include inataja maeneo ambayo kerneli inaruhusiwa kuyajaribu, kwa mfano:

include memory 0xc0000-0xfffff
include memory 0xa0000000-0xa0ffffff

Ukiwa na RAM nyingi, linganisha na sudo cat /proc/iomem, tafuta eneo lililo wazi, uliongeze humo. Ikishindikana, iambie draiva ya daraja ipuuze mgao wa BIOS. Tengeneza faili /etc/modprobe.d/yenta.conf lenye mstari huu:

options yenta_socket override_bios=1

Kwa CardBus kuna ujumbe mwingine unaojieleza wenyewe: "hidden behind transparent bridge", ukifuatiwa na ushauri wa kujaribu pci=assign-busses. Ufuate. Maana yake BIOS haikuipa njia ya kadi namba inayofaa, na kwa maneno hayo unaiagiza kerneli izipange upya namba zote. Yaongeze kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub (mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux), kisha sudo update-grub. Kwanza lakini yajaribu mara moja kwa kubonyeza herufi e kwenye menyu ya GRUB, kwa sababu kwenye mashine chache kupanga upya namba huzima kifaa kingine kilichokuwa kizima.

Ukiona "irq 11: nobody cared", au namba nyingine, vifaa viwili vinagombania laini moja na kerneli imeifunga. Zima BIOS vitu usivyotumia, kama modemu ya simu ya ndani au poti ya infraredi. Irqpoll inayopendekezwa kwenye ujumbe huo inasaidia kujua kwamba tatizo ni hilo. Kuiacha idumu kunaipunguzia mashine kasi, na mashine hizi hazina kasi ya kutoa sadaka.

ExpressCard inasoma ukiwasha nayo, ukichomeka baadaye haisomi

Dalili hii ina sababu moja kuu: kerneli haina uangalizi wa kuchomeka na kuchomoa kwenye PCI Express. Vipengele ni CONFIG_PCIEPORTBUS na CONFIG_HOTPLUG_PCI_PCIE, na kwa mashine ambazo BIOS inataka kusimamia yenyewe, CONFIG_HOTPLUG_PCI_ACPI. Hivi havijengwi kama moduli. Ni ndani ya kerneli au havipo, kwa hiyo modprobe haitakusaidia.

Kabla ya kujenga kitu, jaribu kuiomba kerneli itazame upya:

echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan

Kadi ikijitokeza, umethibitisha kwamba pini, kadi na draiva ni nzima. Kilichokosekana ni taarifa ya kuchomekwa. Kwa mashine ya kazi moja unaweza kuishia hapo, ukaiweka amri hiyo kwenye skripti fupi. Kama vipengele vyote vimo na bado taarifa haiji, jaribu kuwasha na pcie_ports=native (kupitia GRUB kama pale juu), ili kerneli isimamie poti bila kusubiri ruhusa ya BIOS. Kadi inayosoma kisha ikapotea baada ya muda, hasa ukiwa kwenye betri, ijaribu na pcie_aspm=off.

Rescan isipotoa kitu, kumbuka njia ya pili. Andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Kadi nyingi za ExpressCard za modemu, na baadhi za RS-232, ni vifaa vya USB ndani ya ganda la kadi. Hazitaonekana kamwe kwenye lspci, na mtu anaweza kuzihukumu bure. Poti ya namna hiyo inajitokeza kama /dev/ttyUSB0.

Zile za RS-232 za PCI Express halisi zinajitokeza kama ttyS, na zina mtego wake. Kadi iko kwenye lspci, draiva imeshika, lakini poti mpya haipo. Tazama dmesg | grep ttyS. Kerneli ina kikomo cha idadi ya poti za aina hiyo, na chaguo la kawaida ni 4. Kadi ya poti mbili au nne inaweza kukosa nafasi ya kukaa. Washa na 8250.nr_uarts=8 uone. Kisha mpe mtumiaji ruhusa kwa sudo usermod -aG dialout, ukifuatisha jina lake, atoke na kuingia tena. Mzani ukitoa herufi zisizosomeka baada ya hapo, kadi umemaliza kazi nayo. Linganisha kasi na pariti na kitabu cha mzani.

Kadi za USB 3.0 zinahitaji xhci_hcd na xhci_pci. Zikiona flashi na kuikataa diski ya nje, usilaumu kerneli: sloti haina umeme wa kutosha kuzungusha diski. Kadi nyingi zina kitundu kidogo cha umeme ubavuni kwa ajili hiyo, au tumia hub yenye adapta yake.

Na kama laptopu inaandika 1802 na kugoma kuwaka baada ya kubadilisha kadi ya waifai ya ndani, huo ni uzuiaji wa BIOS kwa kadi za mini PCIe. Hauhusiani na sloti ya ubavuni.

Modemu ya CardBus inayoonekana kama USB

Hii inachanganya hata wazoefu. Unachomeka modemu, lspci inaonyesha kidhibiti kipya cha USB cha OHCI, modemu hakuna. Modemu ipo nyuma ya kidhibiti hicho. Unahitaji ohci_pci iwepo, halafu lsusb itaionyesha, na draiva yake ni option au usbserial. Ikijitambulisha kama diski ya CD, weka kifurushi cha usb-modeswitch.

Mashine inaganda

Ikiganda wakati wa kusakinisha Debian, mara tu inapotafuta kadi, anza upya na hw-detect/start_pcmcia=false. Baada ya kusakinisha, ongeza kwenye config.opts:

exclude port 0x800-0x8ff

Kerneli hupima anwani za poti moja moja ikitafuta zilizo wazi, na kuna mashine ambazo kugusa eneo hilo tu kunaziangusha.

Ikiganda unapochomoa kadi, acha kuichomoa ghafla: sudo pccardctl eject 0 kwanza, kisha kitufe. Fanya hivyohivyo kabla ya kuilaza mashine. Ikiganda kadi ikiwa kazini, jaribu disable_clkrun=1 kwenye chaguo za yenta_socket.

Ukilazimika kujenga kerneli

Umefika hapa kwa sababu grep ilikuonyesha kipengele hakipo. Usijengee kwenye laptopu yenyewe. Kazi hiyo ni masaa mengi, umeme ukikatika katikati unaanza kuhangaika, na feni ya mashine ya miaka kumi na tano haikustahili adhabu hiyo. Tumia kompyuta yenye nguvu zaidi:

make ARCH=i386 olddefconfig
make -j4 ARCH=i386 bindeb-pkg

Anza na faili la config la kerneli inayofanya kazi, si tupu. Ndani ya menuconfig, menyu ya kuchagulia vipengele vya kerneli, bonyeza alama ya mkwaju na uandike YENTA au HOTPLUG_PCI_PCIE, itakupeleka moja kwa moja, maana mahali pa menyu hizi pamehamishwa kati ya matoleo.

Watu wanapenda make localmodconfig kwa sababu inapunguza kerneli hadi kwa moduli zilizopakiwa wakati huo tu. Ni nzuri, ila inasahau kila kadi ambayo haikuwa imechomekwa. Kwa hiyo chomeka kadi zako zote moja baada ya nyingine, pakia yenta_socket na draiva zake, ndipo uandike lsmod > moduli.txt kwenye laptopu. Peleka faili hilo kwenye kompyuta ya kujengea na utumie make ARCH=i386 LSMOD=moduli.txt localmodconfig. Ukimaliza, rudia ile grep juu ya .config kabla ya kuanza kujenga, na usifute kerneli ya zamani kwenye GRUB mpaka mpya imekaa wiki bila kusumbua.

Ukikwama, tuma nini

Ujumbe wa "Fundi shikamoo, kadi haisomi" pamoja na picha ya laptopu haumwezeshi mtu wa Iringa kumsaidia aliye Ludewa. Tuma maandishi, si picha ya skrini iliyopigwa kwa pembeni:

(uname -a; lspci -nnk; lsusb; sudo pccardctl ident; sudo dmesg) > kadi.txt

Faili hilo ni dogo, linapita WhatsApp hata mtandao ukiwa hafifu. Lifanye kadi ikiwa imechomekwa baada ya mashine kuwaka, na useme kadi ina ukanda wa shaba au haina.